Msimwache Peke Yake Usiku: Maneno kwa Wauguzi Wapya na Wanaowapokea

Hotuba iliyotolewa Tukuyu, wilayani Rungwe, katika kikao cha kuwapokea wauguzi walioajiriwa karibuni

Ndugu Mganga Mfawidhi, Mama Metroni, viongozi wa wodi, madaktari, wahudumu wa afya, na ninyi wauguzi mlioripoti juzi na barua zenu mkononi, itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu shikamooni. Kwa wenyeji wa hapa nasema ugonile, na kwa waliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Niliombwa nije kusema na wauguzi wapya. Nitasema nao, lakini sehemu kubwa ya maneno yangu nawaelekezea wenyeji wao. Muuguzi mpya amekwisha kuhutubiwa vya kutosha. Siku ya mahafali alishika mshumaa, akaapa, ndugu zake wakapiga vigelegele, mgeni rasmi akamwambia uuguzi ni wito. Leo anayehitaji kuambiwa jambo ni inchaji, yaani msimamizi wa wodi, ni muuguzi aliyekaa hapa miaka kumi na tano na anaijua kila kona ya jengo hili.

Jambo lenyewe ni hili. Muuguzi mpya anayeogopa kuuliza ni hatari kwa mgonjwa kuliko muuguzi mpya asiyejua. Asiyejua, akiuliza, anajua. Anayeogopa anakisia. Na woga huo hakuja nao kutoka kwao. Anaupata kwetu, mara nyingi ndani ya wiki ya kwanza, kwa namna tunavyomjibu.

Kwanza tumtazame huyu tunayemwita mpya. Mwenye shahada ya uuguzi hupitia mwaka mzima wa utarajali, yaani kufanya kazi chini ya usimamizi, kabla ya kuachiwa kazi. Lakini wengi wanaoingia wodini kwetu ni wa astashahada na stashahada. Hao wamesoma miaka miwili au mitatu, wamefanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, wamepata leseni, kisha wanavaa sare na kupangiwa zamu. Mwaka wa utarajali hawakuupata. Maana yake ni kwamba miezi ya kwanza hapa kwetu ndiyo utarajali wao, tupende tusipende, na watarajali wanahitaji mtu wa kuwasimamia.

Tena si wote waliotoka chuoni jana. Mnajua jinsi ajira zinavyopatikana. Katika safu hii ya mbele wapo waliohitimu miaka kadhaa iliyopita, wakawa wanatuma maombi kila tangazo likitoka. Wengine walijitolea kwenye zahanati kwa posho ya nauli tu. Wengine walirudi nyumbani wakalima viazi, wakauza kwenye duka la dawa, wakafungua kibanda cha M-Pesa. Sasa jina limetoka. Ana leseni halali na ari ya kazi, lakini mikono yake haijashika kanula, ule mrija mdogo wa kuingiza dawa mshipani, siku nyingi, na hilo halimpunguzii heshima hata kidogo. Ukimwona anasitasita mbele ya mshipa wa mtoto usimwite mzembe. Simama pembeni yake, mshikie mkono wa mtoto, mwache ajaribu ukiwa hapo hapo.

Mimi ni mkunga, kwa hiyo mfano wangu natoa leba. Saa nane usiku analetwa mama mwenye mimba ya kwanza, ametoka kijijini kwa bajaji, amekwisha kupata degedege njiani. Presha 170 kwa 115. Muuguzi mpya anajua kuwa hiki ni kifafa cha mimba. Anajua dawa ni magnesiamu salfeti. Anajua hata kipimo: gramu 4 kwenye mshipa, taratibu, kwa dakika zisizopungua 5, kisha gramu 5 kwenye kila tako. Hayo aliyaandika kwenye mtihani na akapata alama zote.

Sasa anafungua kabati. Ndani ya kabati hakuna kitu kilichoandikwa gramu 4. Kuna ampuli za mililita 10, zimeandikwa asilimia 50. Ile ya mshipani inatakiwa iwe asilimia 20. Avute mililita ngapi, aongeze maji ya sindano kiasi gani? Jibu ni mililita 8 za dawa na mililita 12 za maji, jumla 20. Tukiwa tumekaa kwenye viti namna hii, na chai imeshapita, hesabu hiyo ni nyepesi. Mama akiwa anatetemeka kitandani, mama mkwe analia mlangoni, umeme umekatika na tochi ya simu umeibana kwa kidevu, hesabu inakimbia kichwani. Inakimbia hata kwa mtu mwenye akili sana.

Basi anapiga simu kwa mkubwa wake. Akiambiwa, "Nane za dawa, kumi na mbili za maji, sukuma polepole, mlaze ubavu, nakuja," mama yule amepata msaada, na muuguzi yule namba hizo hatazisahau mpaka astaafu. Lakini nimesikia kwa masikio yangu majibu ya namna nyingine. "Kwani chuoni mlifundishwa nini?" Ndugu zangu, jibu hilo halimfundishi mtu kitu. Linamfanya akate simu na kukisia usiku huo, na usiku mwingine asipige simu kabisa.

Na dawa hii haitaki kukisiwa. Ikizidi inasimamisha pumzi. Ndiyo maana kabla ya kila dozi inayofuata tunahesabu pumzi za mama, zisipungue 16 kwa dakika, tunagonga goti tuone kama bado linaruka, tunaangalia mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa, na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuizima ikizidi, inakaa jirani ikiwa tayari imetolewa kabatini. Nani anamwonyesha muuguzi mpya kugonga goti la mama aliye kwenye dripu, gizani, amechoka? Kitabu kimemwambia. Aliyemtangulia ndiye wa kumwonyesha.

Kuna wodi moja niliyopita walifanya jambo ambalo natamani kila wodi ya nyanda hizi iige. Juu ya meza ya dawa walibandika karatasi, maandishi makubwa ya kalamu nene: ile hesabu ya nane na kumi na mbili, dozi ya oksitosini, ile ya kuzuia damu kutoka kwa wingi, baada ya mtoto kutoka, yaani yuniti 10 kwenye msuli, na mambo mengine machache yanayotakiwa kwa haraka. Chini yake namba za simu za wakubwa wanne, na mbele ya kila jina wameandika kwa mkono: "Piga saa yoyote." Nilimwuliza inchaji, dada mmoja mpole sana, kwa nini majina manne. Akasema mmoja akiwa kanisani, mwingine atapokea. Karatasi ile haikusubiri bajeti wala barua kutoka wilayani.

Nije kwenye suala la simu, kwa sababu nimesikia likilalamikiwa hata asubuhi hii. Wazee wa kazi wanasema vijana wa siku hizi wanashinda kwenye simu. Wapo, na anayeacha mgonjwa akaangalia video aonywe. Lakini kabla hujafoka, sogea uangalie anachokisoma. Mara nyingi utakuta anatafuta dozi ya jentamaisini ya mtoto wa kilo tatu. Anaiuliza simu kwa sababu simu haimwaibishi mbele ya wagonjwa. Tukiona vijana wanaiuliza simu kuliko wanavyotuuliza sisi, tujiulize tumewajibuje.

Sasa niseme jambo zito zaidi, na naomba tulisikilize kwa makini. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, na mkoa wetu wa Mbeya 9.6. Hii ndiyo mikoa tunayofanyia kazi. Na mtu anayejichoma sindano kwa urahisi ni nani? Ni yule ambaye mikono yake bado haijazoea, anayekimbizwa, anayefanya kazi ya watu watatu, anayerudishia sindano kifuniko kwa sababu boksi la sindano liko mwisho wa wodi.

Ninachotaka mkijue ninyi wakubwa ni kwamba akijichoma, mara nyingi hasemi. Anaogopa kuitwa mzembe kabla hajathibitishwa kazini. Anaosha kidole, anavaa glavu nyingine, anaendelea na kazi. Na anarudi kwenye chumba alichopanga, anakaa na hofu hiyo peke yake, binti wa watu, mbali na mama yake. Dawa kinga zipo. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake, kwa hiyo bora ndani ya saa za mwanzo kabisa. Anazitumia siku 28. Anaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, hakamui kidonda, anatoa taarifa, anapimwa. Utaratibu ni huo. Unashindwa kazi pale ambapo wa kumpa taarifa ndiye anayeogopwa.

Kwa hiyo inchaji, siku ya kwanza unapomzungusha wodini, kabla ya kumwonyesha daftari la mahudhurio, mwonyeshe boksi la sindano liko wapi na dawa kinga zinapatikana mlango gani usiku na siku za sikukuu. Mwambie kwa kinywa chako: ukijichoma, niambie, sitakuuliza ilikuwaje mpaka umeze dozi ya kwanza. Na hili likija kwako, kaa nalo. Lisiwe habari ya chumba cha chai.

Wengi wenu wapya mmetoka mbali. Kuna wa Kigoma hapa, kuna wa Tanga, kuna dada yetu wa Lindi ambaye nimemwona amevaa sweta mbili. Dada, na Juni bado haijafika. Baridi ya Rungwe, na zaidi ile ya Makete na Njombe, ni sehemu ya kazi yenu. Kule pwani mtoto mchanga akikaa wazi dakika chache pengine hapati shida kubwa. Huku, usiku wa Juni au Julai, joto lake linashuka ukimtazama. Chini ya nyuzi 36.5 tayari ameanza kupata baridi, ananyonya kivivu, analegea, na usipogusa miguu yake utadhani ni mtoto mtulivu. Mkaushe mara tu anapotoka, utupe ile nguo mbichi, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, soksi miguuni, mfunike wote wawili. Usimwogeshe mpaka saa 24 zipite. Bibi atakuja na beseni la maji ya moto amedhamiria kumwosha mjukuu wake. Usigombane naye. Mwamkie vizuri, mshike mkono aguse miguu ya mtoto, mweleze. Bibi wa Kinyakyusa akishaelewa, yeye ndiye atakuwa mlinzi wa yule mtoto kuliko wewe.

Na hapo lugha inaingia. Kuna wazee watakaolazwa hapa ambao Kiswahili wanakisikia lakini maumivu yao wanayasema kwa Kinyakyusa, kama vile Kibena kule Njombe na Kihehe Iringa. Jifunze salamu, jifunze kuuliza panauma wapi, jifunze kusema ndaga mtu anapokusaidia. Mwalimu wako wa mambo haya yuko hapa: ni mhudumu wa afya, yule mama anayepiga deki saa kumi na mbili asubuhi. Amekuwepo hapa kuliko madaktari wote. Anajua mgonjwa yupi hajala tangu jana na yupi ndugu zake wameacha kuja. Nesi mpya anayemwamkia mama huyu na kumwuliza habari za wodi anapata ripoti ambayo haiko kwenye faili lolote. Anayemtuma tu kama mtoto anaikosa.

Mgonjwa naye atakupima. Mzee atakutazama usoni, ataona umri wa mjukuu wake, atasema, "We mtoto, niitie mkubwa wako." Kaka muuguzi ataingia leba na mama atavuta shuka. Msikasirike. Na sisi wakubwa tusikimbilie kumwondoa kijana pale. Ingia naye, simama nyuma yake, mwambie mzee, "Huyu ndiye anayekuhudumia leo, na mimi nipo." Maneno hayo mawili matatu yanampa kijana nafasi ya kufanya kazi mwaka mzima.

Nimeacha kifo makusudi mpaka hapa, kwa sababu hakizungumzwi kwenye vikao vya kupokea watu. Kila muuguzi atafiwa na mgonjwa wa kwanza. Chuoni alifundishwa kumwandaa marehemu, kufunga taya, kuandika muda, kujaza fomu. Ila siku yenyewe inakuja saa kumi alfajiri, na marehemu ni mtoto aliyemlisha kwa mrija siku mbili, na kilio cha ndugu kinaanza nje kwenye veranda kwa sauti ambayo mtu asiyekulia huku hajawahi kuisikia. Na kitanda cha pili mgonjwa anaita. Kitanda cha tano dripu imeisha.

Nilimwona kijana mmoja wa kiume katika hali hiyo, mrefu, mpole, ana miezi michache kazini. Amesimama katikati ya wodi ya watoto ameshika faili, hasogei. Aliyekuwa naye zamu, muuguzi wa siku nyingi, hakumwambia jikaze. Alimchukua faili mkononi, akaandika yeye muda, akamwambia, "Twende tukamwoshe wote." Wakamwosha mtoto pamoja, yule mkubwa akawa anaongea na mtoto kwa jina lake wakati wanamvika, kama anavyoongea na watoto wote. Kisha akamwambia kijana aende akanywe chai, yeye atazunguka vitanda. Dakika ishirini. Kijana alirudi na kazi akaimaliza. Yupo bado kazini, na wanaomfahamu wanasema akifa mgonjwa kwenye zamu ya mdogo wake, hufanya vile vile.

Wenzetu madaktari, kile kiapo chao cha kale cha Hippocrates kinawataka wawafundishe wanaowafuata. Kiapo chetu cha Nightingale, kilichotungwa Marekani mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, katika maneno yake ya asili hakina sharti kama hilo. Kinazungumza juu ya mgonjwa, juu ya siri zake, juu ya dawa yenye madhara, juu ya kumsaidia daktari. Juu ya muuguzi anayekuja nyuma yako, kimya. Pengo hilo tumelijaza wenyewe pale tulipopenda, na tulipochoka tumeliacha wazi.

Najua jibu lenu, nimeliona nyusoni. Watu hatutoshi. Ni kweli, na Mganga Mfawidhi analijua kuliko sisi. Ipo zamu ambayo muuguzi mmoja ana wodi nzima. Lakini upungufu huu huu ndio unaotufanya tumtupe mpya kwenye zamu ya usiku wiki ya pili ili mkubwa apumzike, kisha baada ya mwaka anaomba uhamisho, tunabaki wachache zaidi. Muuguzi aliyeshikwa mkono miezi mitatu hubaki. Nimewaona hospitali ya Ilembula, nimewaona ya Bulongwa kwenye baridi ile, watu waliokuja kwa mwaka mmoja wakajenga na kuoa huko huko.

Kwenu wapya, machache. Semeni "sijui" mapema, kabla dawa haijaingia kwenye bomba la sindano. Daktari akikupa agizo la dawa kwa mdomo, lirudie kwa sauti, jina, kipimo na njia, kisha mwambie aliandike. Pokea ripoti ukiwa umesimama kitandani kwa mgonjwa, umwone kwa macho, uone dripu imefika wapi. Usipokee ripoti mezani na kuamini. Mwenzio anapotaka kuondoka na kuna jambo hujaelewa, mzuie, hata kama gari la wafanyakazi linapiga honi. Kula kabla ya zamu ya usiku. Mishahara ya mwanzo inaweza kuchelewa wakati taarifa zenu zinaingizwa kwenye mfumo, kwa hiyo msikope kwa watu wa riba ya mtaani; semeni kwa Mama Metroni, hapa pana chama cha kuweka na kukopa.

Mama Metroni, nakuja kwako na nakaa. Orodha ya zamu ya mwezi ujao nimeiona imebandikwa pale ubaoni. Kuna majina matatu mapya yamepangwa usiku, yako peke yake, mawili wodi ya watoto na moja leba. Naomba kabla hatujatawanyika, wewe na mainchaji mkae dakika chache muibandue ile karatasi, muwapange na wakubwa wao. Leba ianze. Mimi nimestaafu, lakini naishi hapa hapa mjini, na zamu mbili za usiku kwa wiki naweza kuja kukaa nao, Mganga Mfawidhi akiniruhusu.

Asanteni kwa kunisikiliza.